Maswali ya wasomaji: Bibi kakataa pango letu lisiwekwe kwenye ramani

Mwezi huu barua zimekuja nyingi kuhusu jambo moja, nadhani ni kwa sababu simu zenye GPS sasa ziko kila mfukoni na vijana wamegundua kwamba mtu anaweza kuchora ramani ya makaburi ya mababu, mapango ya matambiko na njia za zamani za mifugo bila kusubiri mpima ardhi yeyote. Nimechagua sita. Nimezifupisha, na majina ya waliotuma pamoja na ya sehemu zao nimeyatoa makusudi, mkisoma mtaelewa sababu.

Shikamoo mwalimu. Nimemaliza chuo, nikarudi nyumbani nikaamua nifanye kitu cha maana. Nimezunguka na mjomba miezi miwili nimechukua pointi 43 kwa simu, mapango, chemchemi, miti ya matambiko na makaburi ya wazee wetu. Nataka niziweke zote kwenye ramani ya wazi mtandaoni ili mtu akija kuchimba au kujenga aone kabisa hapa pana wenyewe. Bibi kasikia, tangu siku hiyo hanijibu salamu. Anasema nimeuza ukoo. Mimi naona nawalinda. Nani kakosea hapa?

Marahaba mwanangu. Bibi yuko sahihi. Na wewe hujakosea kuanza, umekosea pale unapotaka kumalizia.

Nisikilize. Unapoweka pointi mtandaoni unafikiria mtu mmoja tu atakayeiona, yule mwenye greda, unataka ashtuke arudi nyuma. Ila ramani haichagui msomaji. Anayeiona ni mwenye greda, na mwizi wa vinyago, na mtalii mwenye droni anayetafuta sehemu ambayo wenzake hawajafika, na tapeli mmoja hivi anayeamini kwenye makaburi ya zamani kuna hela za Wajerumani. Sehemu nyingi za hivyo zimedumu sio kwa sababu zilikuwa na uzio, zimedumu kwa sababu aliyekuwa hapaswi kujua hakujua, huo ndo ulinzi wa bibi yako, na wewe unataka kuutoa kabla hujaweka mwingine.

Sasa usifute kitu. Pointi zako 43 ni mali, ila zigawe kwa matabaka. Kuna tabaka la kuonwa na kila mtu, hapo unaandika tu kwamba eneo hili pana ni la urithi wa jamii fulani, anayetaka kufanya shughuli yoyote aje aulize kwa watu fulani kabla. Kuna tabaka la pili la kuonyeshwa ofisi inayohusika pale inapobidi, mipaka bila maelezo ya kinachofanyika ndani. Halafu kuna la tatu, pointi zenyewe na hadithi zake, hilo linakaa kwa wazee na nakala yake haipandi mtandaoni kabisa, iwe kwenye flashi mbili zinazokaa nyumba mbili tofauti, zimefungwa kwa nywila.

Wengi wanajua kuficha nusu nusu tu. Fungua pointi moja kwenye simu yako uhesabu tarakimu baada ya nukta. Zikiwa tano, unamwonyesha mtu mahali kwa kiasi cha mita moja hivi, yaani anaweza kusimama mlangoni. Ukibakisha mbili ni kama kilomita moja, ukibakisha moja ni kama kilomita 11. Watu wanabakisha mbili wanajiona wameficha, kumbe kama mlima una pango moja tu, kilomita moja ni sawa na kutaja mlango. Kosa lingine nimeliona mara nyingi ni kuchora duara zuri kuzunguka kaburi, sasa mtu mwenye akili zake akiona duara si anaenda katikati? Chora umbo la ovyo ovyo, pana, lifuate mto au ukingo wa msitu, na kaburi liwe popote humo ndani.

Na picha. Hapa mimi mwenyewe nimewahi kuchoma, naona aibu mpaka leo. Nilipiga picha ya nguzo ya kaburi iliyochongwa, nikamtumia mwenzangu wa kazi kama faili ili isipoteze ubora, nikawa nimejisifu kwamba sikutaja sehemu, mwenzangu naye akaiweka kwenye wasilisho lake likasambaa, kumbe ndani ya faili la picha simu ilikuwa imeandika latitudo na longitudo zote. Kijana mmoja ukumbini alizitoa kwa sekunde kumi akatuonyesha nguzo ilipo, alikuwa anatania, lakini kwa kweli nilitamani ardhi inimeze. WhatsApp ukituma picha kama picha hayo maandishi yanaondolewa, ukituma kama dokumenti yanabaki. Zima lokesheni kwenye kamera, basi.

Usijidanganye pia kwamba utaweka halafu ukibadili mawazo utafuta. Ramani kama OpenStreetMap, ile ya wazi ya mtandaoni ambayo yeyote anaweza kuichora, ni nzuri sana, mimi naitumia kila siku, lakini historia ya kila badiliko inatunzwa, na data yake watu wanapakua kila siku dunia nzima. Ulichokiweka leo ukakifuta kesho, kuna mtu anacho.

Na bibi yako sio mshamba, nakupa mfano uujue. Kule Uluru katikati ya Australia, mwamba mkubwa mwekundu wa watu wa Anangu, kuna pande za mwamba ambazo kimila hazipigwi picha wala kuonyeshwa kwa mtu asiyehusika. Kupanda juu kulifungwa rasmi Oktoba 2019. Mwaka uliofuata hifadhi ikagundua kwamba kwenye Google bado unaweza kupanda kwa kidole, watu walikuwa wameweka picha za juu ya mwamba unatembea nazo kwenye skrini, ikabidi Google iombwe izitoe na ikazitoa. Kama wao waliona haja ya kuomba, bibi naye anaona haja ya kununa.

Kwa hiyo fanya hivi, printi ramani kubwa ya karatasi isiyo na pointi hata moja, nenda nayo kwa bibi, usiende na simu. Mpe kalamu. Mwambie bibi, nionyeshe wewe ambapo watu waambiwe wasifike. Atachora au atakataa, vyote viwili ni jibu. Na umwombe radhi kwanza.

Habari za kazi mwanangu. Mimi ni mama mtu mzima, niko kwenye kamati ya kijiji chetu. Wamekuja wataalamu wa kampuni moja ya uchimbaji, wana tableti na kofia ngumu, wanasema wanataka kutusaidia kuchora ramani ya sehemu zetu zote za kimila "ili zisiguswe". Wanalipa posho nzuri ya siku. Kuna karatasi wanataka tusaini wiki ijayo. Vijana wanasema tusaini, mimi roho inasita.

Shikamoo mama. Roho yako iache isite.

Sisemi hao ni wabaya, siwajui. Ila watu wengi wanaamini kwamba kampuni ikijua sehemu ni takatifu basi imepona. Juukan Gorge, Australia Magharibi, mapango ya watu wa Puutu Kunti Kurrama na Pinikura. Hayo yalijulikana vizuri tu. Yalipimwa, yalichimbwa na wanaakiolojia mwaka 2014, wakapata vitu maelfu, kikiwemo kipande cha nywele zilizosukwa cha miaka 4,000 hivi ambacho vipimo vya DNA vilionyesha kinahusiana na wenyeji wa leo. Dalili za watu kuishi pale zinarudi miaka 46,000. Kampuni ya uchimbaji ya Rio Tinto ilikuwa tayari na kibali cha serikali tangu 2013, cha kisheria kabisa, na tarehe 24 Mei 2020 wakalipua. Mkurugenzi mkuu na wenzake wawili waliondoka baadaye, mapango hayakurudi. Pale ramani ilikuwepo mama. Kilichokosekana ni wenyewe kuwa na uwezo wa kusema hapana, na hapana ikasimama.

Kwa hiyo swali la kuwauliza sio mtachora nini, ni ramani ikishachorwa inakaa kwa nani. Waulize mbele ya mkutano wote, na mtu aandike majibu. Data ghafi, yaani zile pointi na sauti za wazee zilizorekodiwa, zinabaki kwenye tableti ya nani wakiondoka? Nani anaweza kufungua? Kampuni ikiuzwa, zinaenda na mauzo? Tukisema sehemu hii isichimbwe, karatasi hii inawalazimisha kuacha au inasema tu "watazingatia"? Hilo neno kuzingatia likae machoni kwako, mtu anaweza kuzingatia huku anapakia baruti. Na nani mwingine analipia kazi hii.

Hilo la mwisho lina historia. Kule Oaxaca, Meksiko, kwenye vijiji vya Wazapoteki, walikuja watafiti wa chuo kikuu cha Kansas wakachora ramani shirikishi na wananchi, kazi nzuri tu kwa kuiangalia. Mwaka 2009 shirika la wenyeji liitwalo UNOSJO likatoka hadharani likisema vijiji havikuambiwa wazi kwamba sehemu ya fedha ilitoka ofisi ya utafiti ya jeshi la Marekani. Watafiti walikana, walisema hawakuficha. Mimi sikuwepo, ila fikiria umeshatoa majina ya vijito vyote halafu ndo unaanza kubishana kama uliambiwa.

Kisheria mna pa kushika. Azimio la Umoja wa Mataifa kuhusu haki za watu wa asili lilipitishwa Septemba 2007 kwa kura 144 dhidi ya 4, na linazungumzia ridhaa iliyo huru, ya mapema na yenye taarifa kamili. Azimio lenyewe sio sheria ya kumfunga mtu, lakini kampuni nyingi kubwa zimeandika kwenye sera zao kwamba zinaliheshimu, kwa hiyo waombeni sera yao, someni, muwarudishie maneno yao wenyewe. Wiki ijayo ni mapema mno. Mkiambiwa tarehe haisogei, jueni kwamba ridhaa yenye tarehe ya mwisho ya mtu mwingine haijawa huru. Na posho za mkutano, mama, zisitolewe siku ya kusaini, kaeni na hilo tu hata kama mengine yatawashinda.

Kaka mambo vipi. Tuna kesi ya ardhi. Wakili wetu anasema leteni ramani, sisi tuna wazee na nyimbo. Hivi ramani iliyochorwa na wanakijiji mahakama inaichukulia serious kweli au tutachekwa?

Poa kaka. Kuchekwa kunawezekana, kuna watu walichekwa kwanza.

Watu wa Gitxsan na Wet'suwet'en wa British Columbia, Kanada, walipeleka mahakamani wazee wao na nyimbo zao kama hati za ardhi, maana kwao wimbo fulani ni wa ukoo fulani na unataja eneo fulani. Mama mmoja mzee alipotaka kuimba, jaji akasema hakuna faida kumwimbia, sikio lake ni la bati, yaani muziki hauelewi. Mwaka 1991 akawaangusha. Wakakata rufaa, na Desemba 1997 mahakama ya juu kabisa ya Kanada kwenye kesi ya Delgamuukw ikasema historia ya mdomo lazima ipewe uzito wake pamoja na maandishi, kesi isikilizwe upya. Kwa hiyo nyimbo zenu msizitupe, zishonwe kwenye ramani.

Mwaka huohuo wa 1997, jangwani Australia, wazee wa Ngurrara waliona lugha ya mahakama inawapiga chenga, wakachora ardhi yao yote kwa rangi kwenye kitambaa kimoja cha kama mita 8 kwa 10, kila mtu akachora sehemu ya kwao, visima vya jangwani hasa. Baraza la madai ya ardhi ya wenyeji lilipokuja kusikiliza, shahidi alikuwa anakwenda anasimama juu ya kitambaa, pale pale kwenye kisima chake, anaongea kwa lugha yake. Hebu fikiri, shahidi kasimama juu ya ramani. Haki yao ilitambuliwa 2007, miaka kumi baadaye, zaidi ya kilomita za mraba 70,000. Hakukuwa na setelaiti hata moja kwenye kile kitambaa.

Kwa teknolojia ya sasa angalia Waorani wa Ecuador. Serikali ilikuwa imegawa msitu wa Amazon vitalu vya mafuta, kwenye ramani ya vitalu msitu ni mraba mtupu wa kijani wenye namba. Waorani wa mkoa wa Pastaza wakazunguka na simu na GPS kijiji kwa kijiji, wakaweka njia za kuwinda, miti ya dawa, makaburi, sehemu za vita vya zamani, ukiiweka hiyo juu ya ule mraba wa kijani unaona hakuna pa kuweka mguu pasipo na jina. Aprili 2019 mahakama ya mji wa Puyo iliwapa ushindi kwamba hawakushirikishwa ipasavyo. Kesi ilihusu ushirikishwaji, sio ramani, ila ramani ndo iliyomfanya mtu wa nje aelewe walikuwa wanatetea nini.

Na kwa wanaosema wazee wao hawasomi ramani, nawaambia wazee hawasomi karatasi bapa, hata mimi zinanichosha. Wapeni mlima. Mwaka 2006 Waogiek wa msitu wa Mau, Kenya, walikutana Nessuit wakajenga modeli ya ardhi yao kwa kipimo cha 1:10,000, maana yake sentimita moja ni mita mia. Inafanyika hivi, unachukua mistari ya kontua, ile ya kwenye ramani inayoonyesha kimo cha ardhi, unakata kadibodi kufuata kila mstari, unabandika tabaka juu ya tabaka mpaka mabonde na matuta yanainuka mezani, hapo wanafunzi wa shule ndo wanafanya kazi ya kukata. Halafu wazee wanaitwa. Kazi inakuwa ya pini, nyuzi na rangi, uzi wa rangi hii mto, wa rangi ile mpaka wa ukoo, pini hii mzinga, pini ile kaburi. Mzee ambaye kwenye karatasi alikuwa kimya, akiona tuta lile la kwao anainama, anazunguka meza mpaka asimame upande aliokuwa anatokea na mbwa wake wa kuwindia, halafu anaanza kutaja majina kwa mfuatano, bonde hadi bonde, na mwenzake anamsahihisha. Acha wabishane. Ubishi wa wazee wawili kuhusu jina la kijito una habari nyingi kuliko dodoso lako zima, rekodi sauti, maana jina ukiliandika tu kwa herufi za shuleni toni inapotea na wajukuu watalitamka kama tangazo la redio.

Waogiek hao walishinda mahakama ya Afrika ya haki za binadamu kule Arusha tarehe 26 Mei 2017, na Juni 2022 mahakama ikaagiza serikali ya Kenya ilipe fidia shilingi 157,850,000 za Kenya na ardhi yao itambuliwe, ipimwe na kupewa hati. Sisemi modeli ndo ilishinda kesi. Ila angalia neno ipimwe. Hata ukishinda, siku inafika mtu anauliza mpaka unapita wapi, na siku hiyo kama ramani pekee iliyopo ni ya ofisi, mtapimiwa ya ofisi.

Kwa wakili wako sasa, andika kila pointi nani aliisema, lini, mbele ya nani, na imechukuliwa kwa kifaa gani. Kwenye mahojiano ya upinzani watashambulia hapo, hawatashambulia wimbo.

Mwalimu nisaidie, nimechukua pointi zetu kwa simu vizuri kabisa, nimeziweka juu ya ramani ya zamani ya topografia niliyoskani kwenye QGIS, ile programu ya ramani ya kompyuta, zote zimesogea! Kaburi la babu limeangukia ng'ambo ya mto. Simu mbovu?

Simu nzima, babu pia hajahama. Simu inatumia mfumo uitwao WGS84, ramani za zamani za Afrika Mashariki zilichorwa kwa mfumo wa Arc 1960, na tofauti ya hiyo miwili ardhini ni kama mita 300. Kwenye QGIS unapoipa ile ramani uliyoskani mahali pake, iambie ni Arc 1960, programu itageuza yenyewe. Watu wa nchi nyingine wana mifumo yao, angalia maandishi madogo chini pembeni ya ramani, huwa imeandikwa. Tafadhali fanya hivyo kabla hujampelekea mtu yeyote, maana mita 300 zinatosha kabisa kuhamisha kaburi likawa nje ya mpaka, na mwanasheria wa upande wa pili atashukuru sana. Chini ya miti mizito nako simu inayumba, subiri dakika kadhaa pointi itulie, na usichukue mara moja tu.

Nimesikia kuna leza inarushwa toka kwenye ndege inaona magofu chini ya msitu. Tuitafute hiyo badala ya kuhangaika na wazee?

Inaitwa laida, na ni kweli inafanya maajabu. Mwaka 2009 kule Caracol, Belize, mji wa zamani wa Wamaya, ndege iliruka siku chache tu ikachora kilomita za mraba 200, wakati wanaakiolojia walikuwa wameshakata vichaka kwa mapanga zaidi ya miaka ishirini wamefika sehemu ndogo tu ya hiyo. Mwaka 2018 ikatangazwa ya Guatemala, majengo zaidi ya 60,000 chini ya miti. Leza inapenya kwenye nafasi za majani, unafuta miti kwenye kompyuta unabaki na ardhi tupu, kila tuta linaonekana.

Lakini hiyo "badala ya" yako imenikera kidogo. Laida inaona ukuta, haioni mti ambao chini yake ukoo wako walipatana baada ya vita, hauna jiwe hata moja. Haijui chemchemi ipi wanawake tu ndo wanaenda. Wazee wakiachwa nje, ramani itasema sehemu zenye mawe ni urithi na sehemu zisizo na mawe ni pori, na pori ndo linagawiwa kwanza. Na kuna kitu kingine, picha za laida zikiwekwa wazi zenye ubora wa juu, mwizi wa makaburi umempunguzia kazi ya miaka. Itumieni kama mna mtu wa kuilipia, ila aanze mzee, ndege ifuate.

Mwalimu, tulikuwa tunarekodi na mzee wetu mmoja, alikuwa ametupa sehemu saba kwa siri, alisema nne kati ya hizo tusimwambie mtu mpaka aseme yeye. Amefariki mwezi uliopita kabla hajasema. Pointi na sauti yake ninavyo mimi kwenye laptopu. Kila nikifungua naisikia sauti yake nafunga. Nifanyeje, nizifute?

Pole sana, mwanangu.

Usifute, usifungue pia. Kwanza tulia, hili sio la haraka. Siri ile hakukupa wewe kama mtu, ulikuwa umeshika simu tu, kwa hiyo uamuzi sio wako na mzigo pia usiubebe peke yako. Nenda kwa mkubwa wa ukoo wake, umweleze kuna nini bila kumwambia kilichomo: kuna sehemu saba, tatu ziko huru, nne marehemu alizifunga. Waulize kimila nani anarithi maneno ya namna hiyo. Mara nyingi yupo, na mara nyingi sio yule mnayemdhania, anaweza kuwa shangazi aliyeolewa mbali huko.

Sio ninyi wa kwanza kukutana na hili. Wawarumungu wa Tennant Creek, Australia, walipotaka kutunza picha na sauti zao kwenye kompyuta walikutana na jambo hilohilo, kwao kuna vitu vya kuonwa na wanaume tu, vingine na wanawake tu, na picha ya aliyefariki haionyeshwi hivihivi. Programu za kawaida zilikuwa zinajua "wazi" na "siri" peke yake. Ndo ikazaliwa programu iitwayo Mukurtu, ya bure, ambayo jamii yenyewe inaweka nani aone nini na kwa sababu gani, leo inatumika na jamii nyingi za asili. Wataalamu wa data za jamii za asili nao mwaka 2019 walitoa kanuni zao, CARE, zinaongelea manufaa ya pamoja, mamlaka ya wenyewe, wajibu na maadili. Nenda kasome ukipata nafasi, ingawa shangazi ndo wa kwanza.

Wakati unasubiri jibu la ukoo, toa hizo nne kwenye laptopu, ziweke kwenye flashi, funga kwa nywila. Flashi apewe mtu mmoja na nywila apewe mwingine, watu wawili ambao ukoo wenyewe umewachagua, wewe usiwe kati yao. Hakikisha haijabaki nakala kwenye simu, wala kwenye ile hifadhi ya mtandaoni inayojipakia yenyewe usiku, hapo wengi wanasahau. Nje ya flashi andika jina la ukoo na tarehe ya kurekodi, jina la mahali usiliandike.